Akiba haiozi, ila ya friza yaweza kukudhuru

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema hivyo kabla ya friza kuingia nyumbani. Siku hizi akiba ya familia nyingi mjini Nkubu, kama ilivyo Meru, Embu na Nairobi, haiko ghalani. Imo ndani ya sanduku jeupe linalotegemea waya wa umeme: kilo kadhaa za nyama iliyobaki baada ya sherehe, kuku waliotumwa na shangazi, maharagwe yaliyochemshwa Jumapili ili yaliwe wiki nzima, mbaazi mbichi za msimu, na pengine maziwa ya mama kwa ajili ya mtoto mchanga. Akiba ya aina hii yaweza kuoza. Baya zaidi ni kwamba yaweza kuharibika bila kunuka.

Wengi wetu huamini kwamba chakula kikishaingia kwenye friza kimekuwa salama, na kwamba baridi kali huua viini vya maradhi. Si kweli, na makosa mengi ya kuhifadhi chakula nyumbani huanzia kwenye imani hiyo. Friza husimamisha uharibifu mahali ulipofika, lakini haiurudishi nyuma. Nyama iliyoingia ikiwa na uchafu itatoka na uchafu wake, hata ikikaa humo mwaka mzima.

Usidhani hili ni jambo dogo la jikoni. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka duniani kwa sababu ya chakula kisicho salama, na kwamba 420,000 kati yao hufariki. Watoto walio chini ya miaka mitano ni 125,000 katika hesabu hiyo ya vifo. Bara la Afrika ni miongoni mwa sehemu zinazoumia zaidi.

BARIDI HULAZA, HAIUI

Viini vinavyoleta kuhara na kutapika huzaana kwa kujigawa. Katika joto vinalolipenda, kiini kimoja chaweza kuwa viwili kila baada ya dakika 20. Hesabu mwenyewe: viwili huwa vinne, vinne huwa vinane, na baada ya saa saba kile kimoja kimekuwa zaidi ya milioni mbili. Hivyo ndivyo mnofu uliokuwa mzuri asubuhi unavyoweza kumlaza mtoto hospitalini usiku.

Viini hivi hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Ndiyo sababu WHO, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka wa 2001, hushauri chakula kiwekwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Friji ya kawaida hushusha joto hadi nyuzi 4 hivi. Hapo viini vingi hupunguza mwendo lakini havisimami. Friza inayofanya kazi vizuri hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo ndipo viini husimama kuzaana. Hulala kama mbegu wakati wa kiangazi, vikingoja mvua. Ukitoa chakula na kukiacha kiyeyuke juu ya meza, mvua imenyesha.

Mfano mmoja utakuonyesha. Kati ya mwaka wa 2015 na 2018, watu 47 katika nchi tano za Ulaya waliugua kwa sababu ya bakteria iitwayo Listeria, na tisa kati yao wakafariki. Wachunguzi waligundua kwamba bakteria hiyo ilitoka kwenye mahindi na mboga nyingine zilizogandishwa kiwandani. Baridi ya kiwanda, yenye nguvu kuliko ya friza yako, haikuiua. Listeria ni hatari hasa kwa wajawazito, watoto wachanga, wazee na wale ambao kinga yao imedhoofika. Kwa hivyo mboga iliyogandishwa hailiwi kama kachumbari. Ipike hadi iive.

Vilevile, sumu ikishaingia chakulani, baridi haiiondoi. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 125 walifariki. Mahindi ya namna hiyo hayaokolewi kwa kugandishwa, wala kwa kuchemshwa. Hata sumu ambayo bakteria fulani huacha kwenye wali au nyama iliyolala nje yaweza kustahimili moto wa kupashia. Ndiyo maana usemi wa "nitakichemsha sana" si kinga ya kutosha.

JE, FRIZA YAKO NI FRIZA KWELI?

Kabla ya kujaza chakula, chunguza chombo chenyewe. Kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja si sawa na friza kamili. Tazama alama za nyota mlangoni. Nyota moja ina maana kwamba kisanduku hufika nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kilichokwisha kugandishwa chaweza kukaa humo wiki moja hivi. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, yaani mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, yaani miezi mitatu. Friza yenye nyota nne ndiyo iliyotengenezwa kugandisha chakula kibichi kwa kiasi kikubwa.

Kama nyota zimefutika, au friza ilinunuliwa ikiwa imetumika, nunua kipimajoto kidogo cha friji ukiweke ndani. Usipokipata, tumia aiskrimu. Ikiwa aiskrimu iliyokaa humo usiku kucha ni laini na kijiko huzama bila shida, friza hiyo haina baridi ya kutosha kuhifadhi nyama kwa muda mrefu. Kagua pia mpira wa mlango. Ukibana karatasi kati ya mlango na friza, kisha ukaivuta ikatoka bila ukinzani, baridi inavuja na fedha zako za umeme zinavuja pamoja nayo.

USITIE MZIGO WOTE KWA MARA MOJA

Wakati wa Krismasi, familia nyingi za Imenti hushirikiana kununua na kuchinja ng'ombe, kila mmoja akapata fungu lake. Jioni hiyo kilo 20 za nyama yenye joto husukumwa ndani ya friza ndogo, mlango ukafungwa kwa goti. Hapo mambo mawili hutokea. Nyama mpya hupandisha joto na kuanza kuyeyusha chakula kilichokuwa kimeganda, na katikati ya lundo hilo nyama hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Nje imekuwa jiwe, ndani inaharibika.

Kwa kadirio, friza ya lita 100 isitiwe zaidi ya kilo nne hivi za chakula kisichoganda kwa siku moja. Inayobaki iweke kwenye friji ingoje zamu yake, au ipike. Gawa nyama katika mafungu madogo yanayotosha mlo mmoja, uyabonyeze yawe bapa kama daftari. Fungu bapa huganda upesi na huyeyuka upesi. Wakati wa kugandisha, liache kila fungu likiwa limetengana na jenzake. Yakishakuwa magumu ndipo uyapange pamoja.

Kuganda upesi kuna faida nyingine. Mmarekani Clarence Birdseye, aliyeanzisha biashara ya vyakula vilivyogandishwa miaka ya 1920, alijifunza jambo hili huko Labrador, mashariki mwa Kanada, alipoona samaki wakiganda mara tu watolewapo majini na kubaki na ladha nzuri baada ya kupikwa. Chakula kikiganda polepole, maji yaliyo ndani yake hutengeneza chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama. Kikiyeyuka, utomvu wote humwagika na kukuachia mnofu mkavu kama kamba.

Nyama yenyewe iwe imekaguliwa na ina muhuri wa mkaguzi. Baridi ya friza si daktari wa mifugo. Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi nayo yachemshwe, yapoe, ndipo yagandishwe, kwani viini vya homa ya brusela hustahimili baridi. Chombo cha maziwa, mchuzi au supu kisijazwe hadi mdomoni. Maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia tisa, na chupa ya kioo iliyojaa itapasuka.

Kuhusu vyombo, tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, familia nyingi zimezoea mikebe ya plastiki yenye vifuniko. Mikebe iliyokuwa na siagi au aiskrimu yafaa ikiwa imeoshwa vizuri na haina nyufa. Iliyokuwa na rangi, sabuni au dawa za shambani isitumiwe kamwe. Kifuniko kibane sawasawa. Hewa ikiingia, nyama huota mabaka makavu ya kijivu. Mabaka hayo si sumu, ila ladha imekwenda. Yakate uyatupe, inayobaki yaweza kupikwa.

Mwisho, andika tarehe. Kipande cha karatasi na kalamu vyatosha. Asiyeandika hukisia, na anayekisia huishia kula nyama ya mwaka juzi.

MZIGO WA KUTOKA NYUMBANI

Labda unaishi Nairobi na wazazi wako Nkubu. Kila unapowatembelea, hurudi na mzigo. Safari ya kupitia Chuka na Embu huchukua saa nne au tano, na zaidi kukiwa na msongamano wa magari. Nyama mbichi iliyofungwa gazetini na kutupwa juu ya gari, kwenye jua, haifai kuingia friza yako jioni. Chakula kinachoharibika upesi hakitakiwi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama inavyotokea maeneo ya chini kama Mitunguu, muda huo ni saa moja tu.

Fanya hivi. Mwombe mama aigandishe nyama usiku kucha hadi iwe ngumu kabisa. Asubuhi ipange kwa kubanana ndani ya sanduku la kuhifadhi baridi, bila nafasi tupu, na sanduku likae ndani ya gari pamoja nawe. Ukifika, bonyeza kila fungu. Likiwa bado gumu au lina chembe za barafu, litie kwenye friza mara moja. Likiwa limelainika lakini bado ni baridi kama la kutoka kwenye friji, lipike usiku huohuo. Likiwa vuguvugu, usilitie kinywani. Na ikiwa nyumbani hakuna friza, kumbuka kwamba kuku anayesafiri akiwa hai haozi njiani.

GITHERI, MAHARAGWE NA MBOGA

Kuchemsha maharagwe au githeri ya wiki nzima kwa siku moja ni akili nzuri, kwani huokoa makaa na gesi. Maharagwe mekundu yachemke sawasawa hadi yaive, maana yakiwa mabichimabichi yana sumu yake ya asili inayoleta kutapika. Shida huja baada ya kuipua. Sufuria kubwa ya githeri huhifadhi joto katikati kwa saa nyingi, hata baridi ya usiku ya Nkubu haiipozi upesi. Ukiilaza mezani hadi asubuhi ndipo uigandishe, umegandisha chakula kilichokwisha kuanza kuharibika.

Gawa githeri katika vyombo vipana visivyo na kina. Viweke ndani ya karai la maji baridi, koroga mara kwa mara, badilisha maji yakipata joto. Vikipoa, na viwe vimepoa ndani ya saa mbili, vitie kwenye friza. Usitie sufuria inayotoa mvuke, kwa maana itayeyusha vilivyo jirani.

Mboga mbichi ina vimeng'enya ambavyo huendelea kuibadilisha rangi na ladha hata ikiwa kwenye baridi. Kwa hivyo itie kwanza katika maji yanayotokota, kisha uiingize mara moja katika maji baridi sana, uichuje na kuikausha. Sukuma wiki na mishiri hukaa majini dakika tatu. Spinachi, mbaazi mbichi na karoti iliyokatwa vipande ni dakika mbili, na minji ni dakika moja na nusu hadi mbili. Nkubu iko kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na katika miinuko kama hiyo maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Ongeza dakika moja na hutajuta.

Vipo visivyofaa. Viazi vibichi hubadilika rangi na kulainika. Kabeji, nyanya na matango ya kachumbari hurojeka, ingawa nyanya bado zitafaa kwa mchuzi. Mayai yenye maganda hupasuka. Vyakula hivi ni heri uvinunue kidogo kidogo sokoni.

BARAFU ZA WATOTO

Katika mitaa mingi, mwenye friza hutengeneza barafu za sukari na rangi akawauzia watoto wa shule. Kama wewe ni mmoja wao, jua kwamba homa ya matumbo na magonjwa mengine ya maji machafu hayazuiwi na kuganda. Maji ya mto au ya bomba usilolijua ni yaleyale hata yakiwa barafu. Yachemshe, yapoze yakiwa yamefunikwa, unawe mikono kwa sabuni, ndipo uyatie kwenye vyombo safi. Na wewe mzazi, muulize muuzaji maji aliyotumia. Ana haki ya kuuza, nawe una haki ya kujua.

MAZIWA YA MAMA

WHO hushauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Mama anayerudi kazini mapema hulazimika kukamua na kuhifadhi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nchini Kenya huwataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa, kwa hivyo usione haya kuuliza.

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yaweza kukaa saa nne mahali pasipo na joto jingi, siku nne kwenye friji, na miezi sita hivi kwenye friza. Yagandishe kwa viasi vidogo vinavyotosha mara moja, andika tarehe, na uyaweke nyuma kabisa, si mlangoni. Yayeyushe kwenye friji au ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu. Usiyachemshe, wala usitumie maikrowevu, kwani hutoa joto lisilo sawa linaloweza kumchoma mtoto mdomo. Yakishayeyuka kwenye friji yatumiwe ndani ya saa 24. Hayarudishwi kwenye friza.

CHAKULA KIKAE MUDA GANI?

Muda ufuatao ni wa friza iliyo nyuzi 18 chini ya sifuri bila kukatizwa. Baada ya hapo chakula hakigeuki sumu ghafla, ila ladha na ubora hupungua.

Vipande vikubwa vya nyama ya ng'ombe au mbuzi: miezi 4 hadi 12.
Nyama ya kusaga, vipande vidogo vya mchuzi, maini na matumbo: miezi 3 hadi 4.
Kuku mzima: mwaka mmoja. Kuku wa vipande: miezi 9.
Samaki wasio na mafuta mengi: miezi 6 hadi 8. Wenye mafuta mengi: miezi 2 hadi 3.
Soseji: mwezi 1 hadi 2.
Chakula kilichopikwa, yakiwemo maharagwe na githeri: miezi 2 hadi 3.
Mboga zilizopitishwa kwenye maji yanayotokota: miezi 8 hadi 12.

UMEME UKIPOTEA

Hapa ndipo mtihani ulipo. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, umeme ulipotea karibu kote nchini, na sehemu nyingine zikakaa gizani hadi siku iliyofuata. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ukapotea tena. Wenye umri mkubwa watakumbuka ukame ulioleta mgao wa umeme mwaka wa 2000. Mbali na hayo, mti mmoja ukiangukia nyaya wakati wa mvua, mtaa mzima unaweza kulala gizani. Wengine hukosa umeme kwa sababu tokeni zilikwisha wakiwa safarini.

Kanuni ya kwanza: usifungue friza. Iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi saa 48 hivi. Iliyojaa nusu huhifadhi saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Kila unapofungua "kuangalia kama vimeyeyuka", unaviyeyusha. Ukiwa na nafasi tupu, ijaze kwa chupa za plastiki zenye maji, zisizojazwa hadi juu. Zikiganda, ni akiba ya baridi wakati wa giza.

Kanuni ya pili: jiwekee shahidi. Gandisha kikombe cha plastiki chenye maji, kisha weka sarafu juu ya barafu na ukiache ndani. Ukirudi kutoka safarini ukute sarafu iko juu, friza haikuyeyuka. Ikiwa imezama hadi chini, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena ukiwa hupo, hata kama sasa kinaonekana kigumu kama jiwe. Bila shahidi huyo usingejua.

Kanuni ya tatu: umeme ukirudi, amua fungu moja moja. Kilicho na chembe za barafu chaweza kugandishwa tena, ingawa ladha itapungua. Kilicholainika lakini bado ni baridi ya friji kipikwe mara moja hadi kiive. Kilichopata joto, au usichojua kimekaa hivyo kwa muda gani, kitupwe. Usionje ili kupima, kwani viini vingi vya kuleta ugonjwa havina harufu wala ladha.

Kutupa kunauma. Nyama hiyo ni jasho lako la mwezi, na hakuna atakayekurudishia. Ndiyo sababu watu wengi hukaanga kwa vitunguu vingi na pilipili ili kuificha harufu. Wengine hufanya vibaya zaidi: humpa yaya au bawabu chakula wasichothubutu kuwapa watoto wao. Tumbo la mfanyakazi wako halina kinga ambayo lako halina. Kisichofaa kwa mtoto wako hakimfai mtu yeyote. Kifukie shimoni, mbwa wasikifukue.

KUYEYUSHA NA KUPASHA

Nyama haiyeyushwi kwa kuachwa juu ya meza tangu asubuhi hadi utoke kazini. Itoe usiku uliotangulia, uiweke ndani ya bakuli kwenye sehemu ya chini ya friji, damu yake isidondokee vyakula vingine. Kuku wa kilo mbili huhitaji siku nzima. Ukiwa na haraka, mfunge asiingie maji, mtumbukize katika maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa. Ukitumia maji ya moto, nje kutaanza kuiva na viini kuzaana huku ndani kukiwa barafu.

Kuku apikwe hadi maji yanayotoka karibu na mfupa yawe meupe, pasiwe na wekundu. Githeri na mchuzi vipashwe hadi vitokote kote, si pembeni tu. Pasha kiasi utakachokula. Kibao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari.

UKISHAUGUA

Mtu akianza kuhara na kutapika, hatari kubwa ni kupungukiwa na maji mwilini, hasa kwa mtoto. Mpe maji ya chumvi na sukari ya paketi kutoka dukani au zahanati. Usipopata, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe sawa bila kilima. Mnywesho uwe kidogo kidogo, mara nyingi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati itampa mtoto vidonge vya zinki pia.

Usingoje kuche ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, mkojo uliokoma, homa kali, kulegea, au mtoto asiyeweza kunywa. Kwa mjamzito, homa baada ya kula chakula unachokitilia shaka ni sababu tosha ya kumwona daktari. Walio Nkubu wana Hospitali ya Consolata mjini humo. Popote ulipo, kijue kituo kilicho karibu nawe kabla ya kukihitaji. Mweleze mhudumu ulichokula na saa uliyokila.

Friza ni mtumishi mwaminifu kwa anayeijua kazi yake. Itunzie chakula kilicho safi, kilichopoa na kilichoandikwa tarehe, nayo itakulisha hadi msimu ujao. Leo jioni, kabla ya kulala, weka kikombe cha maji kigande. Kesho weka sarafu juu yake.